Pikipiki Mpya Inalia: Jua Mlio Unafuata Nini Kabla ya Kushika Spana

Kijana mmoja aliniletea pikipiki Jumatatu asubuhi pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, siku ya kumi na moja tangu aitoe dukani. Nailoni ya kiti ilikuwa bado haijabanduliwa. "Fundi, hii kitu inalia," akaniambia hata kabla hajazima. "Nikifika hamsini inaanza wiii, kama mbu ameingia kwa sikio." Alikuwa ameshapita kwa mtu mwingine mtaani kwao, akaambiwa gia zimekwisha, injini ni lazima ifunguliwe. Pikipiki yenyewe ni ya mkopo, inalipiwa kila jioni, na mtu wa nje akishafungua injini, garantii imekwenda.

Sikugusa spana. Niliipanda hadi Outering Road, nikaenda na kurudi mara mbili, kisha nikakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme na kuziba mdomo wa bomba la gadi ya mbele, ile ya kukinga miguu, upande wa kulia, ambapo kizibo cha plastiki kilikuwa kimeanguka. Nikampa aiendeshe mwenyewe. Aliporudi aliinama akaitazama ile tepu, akaigusa kwa kidole. Upepo ulikuwa ukipita juu ya mdomo wa bomba lile vile mtoto anavyopuliza chupa ya soda.

Si kila mlio unaisha kwa tepu. Lakini pikipiki mpya nyingi zinazoletwa kwangu zikilia, chanzo kiko nje ya injini, na njia ya kukifikia ni moja: kuuliza mlio unafuata nini. Unafuata mzunguko wa injini, unafuata gurudumu, au unafuata upepo? Ukilijua hilo, sehemu kubwa ya pikipiki umeshaiondoa kwenye lawama bila kulegeza nati hata moja.

Pa kusikilizia

Usisikilize kwenye msongamano wa Jogoo Road, wala kando ya nguzo za Expressway pale Westlands na Uhuru Highway. Zege la juu na nguzo zake hurudisha sauti, na mtu husikia cheni yake kwa mara ya kwanza akipita hapo, akadhani imeharibika dakika hiyo. Nenda Industrial Area Jumapili alfajiri, Lunga Lunga Road kabla malori hayajaamka, au tafuta barabara yoyote tambarare na tupu ya lami.

Kabla ya kuondoka, toa mwavuli, boksi la mizigo, kishikio cha simu na funguo zinazoning'inia. Kofia ya kichwa ibaki, lakini ujue nayo hupiga mluzi. Mlio ukianza, geuza kichwa kidogo kushoto na kulia, kisha funika tundu la hewa la kofia kwa kiganja cha kushoto. Ukibadilika, umemaliza kazi, rudi nyumbani.

Vipimo vitatu, spana bado iko mfukoni

Cha kwanza, pikipiki ikiwa imesimama. Weka nyutro, iwashe, iache ipate moto dakika chache, kisha vuta mafuta polepole. Kama mlio upo ilhali magurudumu hayazunguki, tafuta upande wa injini. Sasa bana klachi. Mlio ukikatika au ukipungua, uko kwenye shafti ya gia inayoingizwa nguvu na klachi, kwa sababu ukibana klachi shafti hiyo hupumzika. Mlio ukianza pale unapobana, tazama beringi ndogo inayosukumwa na mkono wa klachi. Usipobadilika kabisa, uko kwenye vitu vinavyozunguka na injini wakati wote: gia kubwa ya klachi, cheni ya taimingi, oili pampu.

Cha pili, ikiwa mwendoni. Fika kasi ile ambayo mlio husikika, tuseme 50, bana klachi na uachilie mafuta injini ishuke. Pikipiki inateleza yenyewe. Mlio ukiendelea na kushuka taratibu pamoja na kasi, injini yenyewe haina kosa, tafuta kwenye magurudumu, breki, kebo ya spidi, cheni, upepo, au gia, ambazo bado zinazungushwa na gurudumu. Ukikatika mara moja, ni kitu kinachozunguka na injini au kinacholia kikibebeshwa nguvu. Angalizo: hata cheni hunyamaza kidogo isipovutwa, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakiiondolei cheni lawama.

Cha tatu ndicho ninachokipenda, na watu wengi hukiruka. Nenda kilomita 40 kwa saa katika gia ya tatu, sikiliza, kisha panda gia ya nne ukibaki kwenye 40 ileile. Injini sasa inazunguka polepole zaidi, lakini gurudumu halijabadilisha chochote. Mlio ukishuka ukawa mnene zaidi, unafuata injini. Ukibaki vilevile, unafuata gurudumu au upepo. Gurudumu na upepo utavitenganisha kwa kwenda barabara hiyohiyo pande zote mbili. Siku yenye upepo, mluzi wa bomba au wa kioo huanza mapema ukielekea upepo unakotoka, na huchelewa ukirudi.

Wembamba wa sauti nao unasema mengi, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Pikipiki zetu nyingi zina rimu ya inchi 17, na tairi la 3.00 likivaliwa juu yake, gurudumu likizunguka mara moja pikipiki imesogea kama mita 1.8. Kwa kasi ya 60, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara tisa kila sekunde. Kama sproketi ya nyuma ina meno 42, cheni inagonga jino karibu mara 380 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya kati, sauti ambayo mwanamume anaweza kuiimba kwa kujikaza. Sasa chukua injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, yenye gia ya meno 20 kwenye krenki, shafti kuu ya injini: meno yanagongana zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde. Hiyo hakuna koo litakaloifikia kwa urahisi, ni sauti ya filimbi. Kwa hiyo ukiweza kuiimba pamoja nayo, anza na cheni. Ikikushinda kwa wembamba, fikiria gia, stata au upepo.

Cheni: hapa ndipo pa kukaa

Pikipiki hufika Kenya kwa vipande na kuunganishwa hapa, na cheni hufungwa na mtu anayetaka ionekane nadhifu dukani. Nadhifu kwake ni cheni iliyonyooka. Au mwenye pikipiki anaona cheni imelegea baada ya wiki ya kwanza, jambo la kawaida kwa cheni mpya, anampa mtu wa barabarani aikaze, naye anaikaza hadi inakuwa kama waya wa kuanikia nguo.

Cheni iliyokazwa kupita kiasi hulia mlio mmoja mrefu unaopanda na kushuka na kasi. Ukibeba abiria unazidi. Sababu yake ni hii: sproketi ya mbele haiko mahali pamoja na bolti ambayo mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unazungukia. Shokabu ikishuka kwa uzito, umbali kati ya sproketi mbili huongezeka, na cheni iliyokuwa imebana pikipiki ikiwa tupu inakosa kabisa pa kwenda. Kuanzia hapo mzigo wote unavutwa na beringi ya shafti ya gia na beringi za gurudumu. Ndiyo maana siuchukulii mlio huu kama usumbufu wa masikio tu. Ukiuacha miezi michache, utabadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Pima hivi. Simamisha pikipiki, weka nyutro, ingiza kidole kwenye cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili. Kama pikipiki yako ina kava nzima ya cheni, kuna kizibo cha mpira upande wa chini, kitoe uchungulie. Sukuma cheni juu, kisha ivute chini. Jumla ya mchezo huo kwa pikipiki nyingi za mizigo na abiria ni milimita 25 hadi 35, unene wa vidole viwili hivi. Kipimo kamili cha yako kimeandikwa kwenye kitabu au kwenye stika karibu na gurudumu la nyuma. Usipime mahali pamoja tu. Zungusha gurudumu robo kwa robo, kwa sababu sproketi haikosi kuwa na upande unaobana zaidi, na hapo penye kubana ndipo pa kutumia kama kipimo. Ukimaliza, mwambie mtu mzito akae nyuma nawe mbele, mwingine aipime tena. Kama imekuwa ngumu isiyochezeka, legeza, hata kama ilipokuwa tupu kipimo kilikuwa sawa.

Halafu tazama kama gurudumu limenyooka. Kwenye mkono wa nyuma, kushoto na kulia, kuna mistari midogo karibu na nati za kurekebishia cheni. Hesabu mistari upande mmoja, hesabu upande wa pili. Zikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari na cheni inasugua ubavu wa meno. Mlio wake una mkwaruzo ndani yake, na ukitazama sproketi utaona upande mmoja wa meno unang'aa kuliko mwingine. Nyoosha, kaza nati kubwa ya ekseli, pima tena. Ile nati ikikazwa, mara nyingi cheni huvutika kidogo, na wengi hupima kabla ya kuikaza.

Mafuta ya cheni: oili ya gia ya namba 90, kidogo, upande wa ndani wa cheni, jioni baada ya kazi ikiwa bado na joto. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini naomba uiache. Ina masizi na chembe za chuma, ikikutana na vumbi la barabara zetu za murram inakuwa msasa. Na ukifungua cheni ili kulipima gurudumu peke yake, unaporudisha klipu ya kiungo, upande wake usiokatwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume inaweza kung'oka.

Kava ya cheni iliyopindwa na boksi au na guu la abiria nayo huguswa na cheni. Hiyo hukwaruza zaidi ya kulia, na utaona mchoro mpya wa chuma ndani yake.

Gia zinazoimba bila ugonjwa

Gia za pikipiki nyingi ndogo zimekatwa meno ya kunyooka, si ya mshazari kama kwenye gari. Meno ya kunyooka hugongana upana wote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo huimba. Mwendeshaji aliyetoka kwenye pikipiki ya zamani ambayo injini yake ilikuwa ikipiga kelele za kila aina hakuwa akiusikia wimbo huo. Amepata mpya, tulivu, anausikia kwa mara ya kwanza. Ukiwa mlaini, uko hivyohivyo tangu siku ya kwanza, unasikika zaidi gia ya pili au ya tatu unapovuta na hubadilika unapoachilia mafuta, basi endesha, ufike huduma ya kwanza, ambayo kwa pikipiki nyingi zitokazo India ni kati ya kilomita 500 na 750.

Kabla ya hapo, tazama oili leo, si kesho. Pikipiki isimame wima, iwe imezimwa dakika kadhaa baada ya kupata moto. Mlio mpya pamoja na oili iliyo chini ya alama ya chini ni sababu ya kutoiwasha tena hadi iongezwe. Tumia oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Ya gari inaweza kufanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki zetu inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini.

Mlio wa gia usio wa kawaida huja ghafla, huongezeka siku hadi siku, au huandamana na mtetemo unaoufikia mguu ulioko kwenye kanyagio la gia. Huo haungojei kilomita 500.

Kebo ya spidi, na siku niliyokosea

Miaka ya nyuma nilifungua kava ya klachi ya mteja kwa sababu ya mlio mwembamba uliopanda na kasi. Nilikaa nayo mchana kutwa, nikabadilisha gaskiti, nikafunga. Mlio ulikuwepo. Kumbe ni kebo ya spidi, kavu kama mfupa, na mshale wake ulikuwa ukitetemeka mbele ya macho yangu wakati wote. Nilimrudishia pesa zake, na tangu siku hiyo kebo ndiyo ninayoiangalia kwanza pikipiki ikilia upande wa mbele.

Kipimo chake ni dakika mbili. Fungua kebo pale inapoingia kwenye gurudumu la mbele, ifunge pembeni isiguse spoki, kisha endesha. Mlio ukipotea, toa waya wa ndani, ufute, upake grisi nyembamba. Sehemu ya juu iliyo karibu na saa ya spidi usiipake, grisi itapanda iingie ndani ya saa. Ukibaki palepale, tatizo linaweza kuwa kile kigia kidogo kwenye gurudumu kilichofungwa bila grisi.

Breki, beringi, tairi

Breki ya nyuma iliyobana hulia na pia hula mafuta. Endesha kilomita mbili ukitumia breki ya mbele pekee, simama, sogeza kiganja karibu na hapu ya nyuma, kitovu cha gurudumu, bila kuigusa. Ikiwa inatoa joto, legeza nati ya fimbo ya breki hadi kanyagio lichezeke milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Breki mpya hulia kidogo hadi zikae. Usizitie mafuta hata tone.

Beringi ya gurudumu ni nadra kufa kwenye pikipiki mpya, na ikifa hunguruma zaidi ya kulia. Ila ukiipeleka car wash na mpiga maji akalenga mpira wa ekseli kwa ile bunduki ya presha, maji huingia na grisi hutoka. Simamisha kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mwingine uuweke juu ya springi ya shokabu. Beringi mbovu utaihisi kwenye vidole kabla hujaisikia. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Lisicheze.

Tairi lenye vichwa vikubwa vya kushika matope huimba kwenye lami. Toka kwenye lami uingie kabro au murram. Sauti ikibadilika papo hapo, ni tairi. Hewa nayo iangalie: zetu nyingi ni paundi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na zaidi nyuma ukibeba abiria, kama stika inavyosema.

Mlio ukiwepo pikipiki imesimama

Stata ndiyo pekee katika sehemu hii inayonifanya nikimbie. Ukiachilia kitufe nayo ikaendelea kulia kama msumeno wa umeme, rilei yake, yaani swichi yake ya umeme, imeganda au klachi yake ya njia moja imeng'ang'ana. Zima mara moja. Kama bado inazunguka, toa waya wa betri.

Mluzi unaokuja kwenye kiwango fulani tu cha mafuta, pamoja na injini inayopanda na kushuka yenyewe, ni hewa inayoingia pasipotakiwa kati ya karbureta na injini. Nyunyizia maji matone machache kwenye mpira huo injini ikiwaka. Mzunguko ukibadilika, umepata. Mara nyingi ni klipu isiyokazwa. Eksozi inayovuja penye silinda hupiga tss-tss na huacha masizi meusi kwenye kiungo. Na cheni ya taimingi iliyokazwa mno huvuma kama cherehani wakati wote. Hiyo ni kazi ya waliokuuzia, usiiguse.

Pikipiki ya umeme ni habari nyingine kidogo. Mlio mwembamba unaposhika mwendo ni wa mota na kidhibiti chake, na utaendelea kuwepo. Unaotakiwa kuufuatilia ni ule unaobaki ukiachilia akselereta kabisa, na huo unarudi kwenye vipimo vya cheni, breki na beringi hapo juu.

Ukiirudisha dukani

Ukisema tu "inalia", utaambiwa ni mpya, itazoea. Nenda na maneno kamili: inaanza kilomita 45, gia zote, inaendelea nikibana klachi, haibadiliki nikibadilisha gia, imeanza ikiwa na kilomita 180. Urekodi mlio huo kwenye simu, simu ikiwa mfukoni mwa jaketi na si mkononi, kwa sababu upepo hufunika kila kitu. Hakikisha wanaandika malalamiko yako kwenye kadi ya huduma, pamoja na tarehe na kilomita.

Siku ya huduma ya kwanza, simama pale oili inapomwagwa. Unga laini unaometameta kwenye oili hiyo ni wa kawaida, ni chuma kipya kikizoeana. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si vya kawaida. Viweke kwenye karatasi na umwonyeshe msimamizi kabla oili haijamwagwa pipani. Kisha mwombe fundi wao aiendeshe mwenyewe, wewe ukiwa umekaa nyuma, hadi kasi ileile, na mlio ukianza umguse bega.